Mkanda Niliofumia Kitandani pa Mama

Mama alipougua, mimi nilikuwa nimeshachoka hata kabla hajaanguka kitandani. Kaka yangu alikwenda Bulyanhulu kuchimba dhahabu, na nyumbani kwetu Didia tukabaki wawili. Maji, kuni, jiko, pamba shambani, vyote vyangu. Juu ya hayo nilikuwa nasomea kazi za mikono misheni, na mtihani wangu ulikuwa mkanda.

Mwalimu wetu, mama mmoja kutoka Norwei, alitufundisha kufuma mikanda ya mapambo kama walivyofuma Waviking, mababu zake wa kale. Unakata vibao vya mraba vinavyofanana na karata, sisi tulivikata kwenye maboksi ya mashati ya dukani kwa Mhindi, unatoboa tundu kila pembe na kupitisha uzi katika kila tundu. Upande mmoja nyuzi unazifunga mahali imara, upande wa pili kiunoni mwako. Ukizungusha vibao, nyuzi zinapishana na ua linajitokeza. Lakini zisilegee! Zikilegea kidogo tu ukingo unavimba, na mwalimu hapitwi na kitu. Mkanda wangu wa kwanza aliurudisha. Huu wa pili ukirudi, cheti nisahau.

Nilifunga nyuzi kwenye tendegu la kitanda cha mama, upande wa kichwani, ili nifume huku namuuguza.

"Bado unacheza karata tu?" alinitania siku za mwanzo.

"Nacheza, mayu. Sijashinda bado."

Sauti ilipomwisha, akawa ananiita kwa kuvuta nyuzi. Nasikia kiuno kinavutwa, nafungua fundo, nampa maji, nafunga upya. Nikitazama, ukingo umevimba. Anavuta tena, nimgeuze. Anavuta tena, hataki kitu, ananitazama tu. Alasiri moja uvumilivu ukanishinda.

"Mayu, unaniharibia kazi! Si usubiri kidogo nimalize?"

Akaondoa mkono, akauweka kifuani. Nikafuma bila kusimama, shibiri nzima, na sitaficha, niliufurahia ule utulivu. Nilipoinuka kumpa uji, alikuwa ameshakata roho.

Matanga yalipokwisha nilipeleka mkanda misheni, maana sikujua niupeleke wapi kwingine. Mwalimu aliupitisha vidoleni polepole, akisimama kila palipovimba na kutikisa kichwa. Sikumweleza kitu. Nilikuwa nimechoka, na Kiswahili chake kilikuwa cha kufundishia tu. Akafika kwenye ile shibiri ya mwisho, uso ukamkunjuka.

"Hapa ulitulia," akasema. "Kwa ajili ya hapa, umefaulu."

Nikasema asante, mwalimu. Ningekubali mkanda wote uvimbe, mama avute hata mara moja tena.