Toa Sura Yako, Shemeji

Mimi sina subira, na ofisini kwangu Gitega hilo linajulikana. Mtu akiniuliza jambo mara ya tatu, sauti inapanda yenyewe. Ndiyo maana nilishangaa shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa, aliponichagua mimi nimfundishe kompyuta.

Alikuwa amepata nafasi ya mapokezi kwenye kituo kimoja cha afya Muyinga, kwa majaribio ya wiki moja. Akiweza kuandikisha wagonjwa kwenye kompyuta, kazi ni yake. Asipoweza, arudi Gashoho kulima mashamba ya watu ili watoto wale. Tulikulia pamoja ukimbizini Tanzania, tukarudi pamoja nchini kwetu. Jembe analijua sana. Kompyuta hakuwahi kuigusa.

Programu yenyewe ni ile ile tunayoandikishia wagonjwa sisi huku Gitega. Kwenda Muyinga na kurudi kila siku nisingeweza, basi nikaamua kurekodi skrini yangu nikifanya kazi, nimtumie video kwenye simu. Nikabuni mgonjwa wa mfano, nikampa homa na kikohozi. Kwenye kona ya video nikaweka sura yangu, kamera ikinichukua nikizungumza. Huyu ni mke wa mkubwa wangu. Ningemfundishaje nimejificha kama mwizi? Nikamsalimu, nikauliza watoto, mvua, maharage, ndipo nikaanza somo. Nyuma ya yote kulikuwa na picha inayotembea niliyoipambia skrini yangu, mto unashuka mlimani. Nilijiona nimependeza.

Jioni akapiga simu. "Shemeji, wewe nakuona vizuri. Hata ndevu hujanyoa. Lakini pale unapobonyeza ni uji mtupu."

"Kaza macho."

"Nimeyakaza mpaka yanatoa machozi."

Nikarekodi tena kwa sauti ya juu zaidi, utadhani sauti husafisha herufi. Uji ule ule. Nikaongeza ubora, video ikawa nzito, ikamlia bando lote kabla haijafika nusu. Siku zinakwenda, na kule kazini walishaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Mwishowe akasema taratibu, "Shemeji, usikasirike. Toa sura yako."

Nilikasirika. Nikakata simu, nikaiacha chai ipoe. Kisha nikafungua video zangu kwenye simu yangu mwenyewe, nikaona alichokuwa akikiona.

Video haibebi picha nzima kila mara. Hubeba kile kilichobadilika. Ni kama jirani mnayeonana naye kila asubuhi: hamsimuliani maisha upya, mnaambiana lililozuka tangu jana. Ukurasa wa kompyuta umetulia, karibu hauna jipya. Lakini kichwa changu kilikuwa kinatikisika na mto unatiririka, na nafasi ndogo iliyokuwapo iliishia kwenye ndevu na maji. Herufi zikaambulia makombo. Tena programu ya kurekodi nilikuwa nimeiacha kwenye mpangilio wa kamera, ambao hulainisha kingo za vitu. Shavu likilainishwa halidhuriki. Nane ikilainishwa inakuwa sifuri. Mpangilio wa maandishi ya skrini ulikuwa pale pale chini yake, ule unaojua kwamba ukurasa una rangi chache, na kwamba herufi iliyokwisha kuchorwa juu inaweza kunakiliwa tu ikitokea tena chini. Sikuwahi kuubonyeza.

Nikatoa sura, nikatoa mto, nikaweka rangi nyeupe. Mshale ulikwenda, ukasimama, ukabonyeza. Video nikaituma kama faili, isije ikakamuliwa tena njiani ikafifia, na salamu nikazituma kando kwa sauti. Ilikuwa nyepesi hata nikadhani haikurekodiwa.

"Ego, ndiyo, shemeji, sasa nasoma hata nukta," akasema. "Ila huyu mgonjwa wako ana homa ile ile tangu Jumatatu. Mpe dawa, jamani."

Nilicheka peke yangu. Yeye, tangu tumzike kaka, alikuwa anatania watu bila kucheka.

Nimelifikiria sana neno lake lile la kutoa sura. Watu wengi wakiona hasira zangu hunyamaza, nami hubaki na ujinga wangu. Yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza, na bado akathubutu kuniambia. Namshukuru mpaka leo, na nimeshamwambia hivyo, ingawa ilinichukua muda.

Kazi aliipata. Hakunipigia simu kunieleza. Alituma video, nzito ajabu, ikanilia bando langu lote, nikaanza kugomba kabla haijafunguka. Alikuwa ameketi kwenye meza ya mapokezi, kompyuta nyuma yake, simu ikitetemeka mkononi. Kwa mazoea nikajaribu kusoma ile skrini. Hakuna herufi hata moja iliyosomeka. Lakini uso wake ulionekana wote, mpaka pengo la jino, na alikuwa anacheka.

Sijaifuta. Kila siku simu inanilalamikia kwamba nafasi imejaa, nami nafuta vingine.