Filamu Nayo Huchoka

Usiku ule usingizi ulinijia kwa kusitasita, maana asubuhi nilitaka kumpiga baba picha. Ugonjwa ulikuwa umemlemea. Sote nyumbani tulijua unakoelekea. Mwanga mkali ulimuumiza macho, na chumba chake kilikuwa na kidirisha kimoja tu. Kwenye filamu ilikuwa imebaki picha moja. Nikiiharibu, basi tena. Roho ilikuwa juu juu hata nilipofumba macho.

Mara nipo studio kwa marehemu shangazi Rehema, dada yake baba, aliyenifundisha kazi hii. Amevaa koti lake lenye madoa ya dawa ya kusafishia picha. Sikushangaa kumwona. Nilichoogopa ni maswali yake.

"Umepima mwanga?" akauliza, hata salamu hakuna.

"Nimepima, shangazi. Sekunde kumi."

Akaguna. Nikageuka, na studio imekwisha kuwa chumba cha baba, naye baba yuko kitandani ananitazama. Nafungua kamera, nahesabu mpaka kumi, nafunga. Picha inatoka hapo hapo mkononi mwangu, na mahali pa uso wake pana weusi mtupu. Narudia. Sasa weusi umeshuka mpaka mabegani. Nikimtazama mwenyewe kitandani, naye anafifia.

"Shangazi, mbona kipimo kinasema kumi!"

"Kipimo kinajua mwanga," anasema taratibu. "Filamu hakiijui. Mwanga ukiwa haba, ukaingojesha sana, filamu nayo huchoka, inapokea kwa shida. Ulichopima hakitoshi. Ongeza."

"Niongeze ngapi?"

Anakwenda kuketi kando ya kaka yake, anamshika mkono. Nataka kumwambia asimchukue.

Nikazinduka nimelowa jasho. Kumekucha. Nilikwenda mbio chumbani kwa baba, nikasimama mlangoni kusikiliza kama anahema. Alikuwa macho.

"Mbona mbio, mama?"

"Nimekuja kukupiga picha, baba. Utaweza kutulia nusu dakika?"

"Kutulia ndiyo kazi niliyobakiwa nayo," akasema, akajivuta kwenye mto.

Nikaisimamisha kamera kwenye stendi, nikapima mwanga usoni pake. Kumi, ileile. Nikabonyeza kitufe, nikakishikilia. Kumi ikapita, nami nikaendelea kuhesabu huku baba akinitazama kama anayenikagua. Nusu dakika ikatimia, mara tatu ya kipimo. Nilijua kwamba inatosha. Kidole kikagoma kuachia.

"Bado?" akauliza, midomo haikusogea.

"Bado, baba," nikasema. "Bado kidogo."