Alama Chini ya Goti

Jumatano ile mdogo wangu Salumu alifika na mtumbwi kutoka Lokandu, akaniletea samaki wa moshi kama kawaida yake. Aliingia uani kwangu, hapa mtaa wa Kasuku, na bote zake za mpira, zile buti ndefu za kufika karibu na goti, zimejaa matope. Nikamgombeza, maana nilikuwa ndiyo kwanza nimefagia. Akacheka tu, akaomba chai.

Mji ulikuwa na hofu. Waasi walikuwa wanakaribia, na askari wa Zaire walikuwa wakishika watu barabarani. Mtu fulani alisema waasi huvaa bote za mpira. Basi, ikatosha: kila mwenye bote akawa muasi. Wavuvi wa mto Lualaba wamezivaa miaka na miaka, lakini utamweleza nani, mwenye bunduki? Hata majirani zangu, watu wazima wenye akili zao, walianza kuchunguza miguu ya wapita njia.

"Toa ile mabote," nikamwambia. "Watazania we njo muasi."

"Yaya," akajibu, maana ndivyo alivyoniita mimi dada yake, "miye niko muvuvi. Kila mutu ananijua."

"Wale askari haiko watu wa hapa. Toa."

Akavua. Nikampa viatu vya ngozi vya marehemu mume wangu, nikavipiga rangi mwenyewe. Nikajiona mjanja.

Bandarini, nilipomsindikiza arudi kwao, kabla hajafika kwenye mtumbwi wake, askari watatu walimsimamisha. Mimi nilikuwa nyuma yake na kikapu.

Mmoja alivitazama viatu. Akamwamuru apandishe suruali.

Chini ya goti palikuwa na duara lisilo na nywele, pale mdomo wa bote ulipomsugua tangu ujana.

"Bote iko wapi? Unaificha juu ya nini, sababu gani?"

Nilisema ni mdogo wangu, ni mvuvi, mimi ndiye niliyemvua bote. Yule askari hakunitazama.

Wakampeleka nyuma ya mabehewa ya treni yaliyosimama pale bandarini.

Nilisikia mlio mmoja.

Siku chache baadaye waasi waliingia. Wengine walivaa bote, wengine raba, wengine walikuwa peku. Na wale askari? Walitupa sare, wakavaa nguo za raia, wakawasihi wavuvi wawavushe mto. Wakavushwa, na hakuna aliyewapandisha suruali. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Watu huniambia ilikuwa kadari. Kadari siikatai, lakini kadari haikumwambia Salumu atoe bote. Nilimwambia mimi.