Kadi Niliyofoji, Mke Wangu Bado Anaitunza

Admin, ficha jina langu. Upara usifiche, wazee wote wa hapa wanao, hakuna atakayenijua. Nina miaka sabini na minne, shule niliachia darasa la nne, na hii nimeiandika kwa kidole kimoja siku mbili nzima, kwa hivyo nyinyi wa kusahihisha Kiswahili tulieni. Nina mke mmoja. Kwa mdomo huu wangu watu walitarajia wanne.

Nitamwita Nyar Ahero, maana huku kwetu mke huitwa kwa kwao alikotoka. Miaka ya themanini ikielekea mwisho nilikuwa shamba boi Milimani, hapa Kisumu. Nakata ua, naosha gari, nachoma takataka kila Jumamosi. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa. Mwaka huo memsabu, mwenye nyumba hiyo, akashika mimba, na baada ya wiki chache Nyar Ahero naye akashika. Nikamtania, "Umeona memsabu amevaa tumbo, na wewe ukaona uvae?" Akanirushia mwiko.

Memsabu alienda kliniki kila mwezi, kwa gari nililoosha mimi. Mke wangu aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, na foleni ya kliniki ya watu kama sisi ilikula siku nzima. Akaniomba, "Baba Otieno, na mimi niende wanipime hata mara moja." Nikacheka. "Otieno wetu wa kwanza alizaliwa Ahero juu ya mkeka, shangazi yako akamkata kitovu. Alipimwa na nani? Na leo ananizidi kula ugali." Sikumkataza. Nilimcheka tu, naye hakuomba tena.

Mimba ikiwa ya miezi saba, ndugu yake akafariki. Mamangu akamwonya, mwenye mimba hatazami maiti. Nyar Ahero akasema, "Mama, huyo tumelala tumbo moja. Nitamuaga." Akaenda, akamtazama.

Wiki chache baadaye miguu ikavimba mpaka ndala zikakataa kuingia. Kichwa kinamuuma, anaona nyota mchana. Hapo nikaogopa, lakini mnajua niliogopa nini? Masista, wale wauguzi wa hospitali. Mama akienda kuzaa bila kadi ya kliniki alitukanwa mbele ya wodi nzima. Sikutaka mke wangu aaibishwe. Na mimi ni mjanja, si ndiyo?

Memsabu alikuwa ameshajifungua, kijana mnono. Jumamosi moja kwenye takataka nikaokota kadi yake. Kila mwezi imejazwa, presha nzuri, damu nzuri. Nikachukua wembe, nikakwangua jina na tarehe, nikaandika zetu kwa ule mwandiko ambao mwalimu wangu aliusifu. Nyar Ahero hajui kusoma. Nikamwambia, "Nimeongea na daktari fulani. Wewe mpe sista, kisha nyamaza."

Uchungu ulianza asubuhi. Kwenye benchi la hospitali alikaa na msichana mmoja asiye na kadi. Sista akamfokea msichana: "Ulikuwa wapi miezi tisa yote? Ulidhani ni malaria?" Lakini huku anafoka, anampima. Presha, tumbo, mkojo, vyote. Kisha akachukua kadi ya mke wangu, uso ukalainika. "Huyu ndiye mama mwenye akili. Mama, presha yako iko sawa, subiri hapo." Mimi niko mlangoni, kifua mbele kama waziri.

Akasubiri, bila kupimwa. Karibu adhuhuri mwili ukaanza kurukaruka, macho yakapinduka, povu mdomoni. Wakaja mbio. Sista akapima presha, akaangalia kadi, akapima tena. "Mzee, mama huyu alikuwa anapimwa wapi?" Nikaangalia viatu vyangu. Hata hapo sikusema.

Mtoto akatoka, msichana. Alipumua mpaka saa kumi, kisha akaacha. Mtoto wa yule aliyetukanwa alikuwa analia wodi nzima.

Mtoto mchanga huku huzikwa na wanawake, kimya kimya, bila matanga. Mamangu akarudi kutoka kaburini akapangusa udongo mikononi. "Nilimwambia asitazame maiti." Wote wakaamini. Nyar Ahero akaamini. Mimi, ambaye hata kanisani siwezi kufunga mdomo, siku hiyo niliufunga. Tangu hapo mke wangu hajakanyaga kaburi la ndugu yake.

Kadi ile iko kwenye mkebe wake, imefungwa na leso. Mtoto hakupata jina, picha hakuna, lakini pale chini sista aliandika saa aliyozaliwa na uzito wake. Zamani aliniomba nimsomee. Nikaogopa kuisoma, nikamwambia wino umefifia.

Sasa mjukuu wetu anasomea uuguzi, na Jumapili anakuja. Juzi Nyar Ahero ameutoa mkebe, anaupangusa. "Atanisomea. Macho yake ni mapya, na vitu vya hospitali anavijua. Mtoto nilimuua mwenyewe, Baba Otieno, angalau nijue alikuwa na kilo ngapi."

Huyo mjukuu ataona jina lililokwanguliwa. Ataona presha nzuri ya mwanamke mwingine. Mwandiko wangu anaujua.

Mara mbili nimeibeba kadi mpaka jikoni niitie motoni, mara mbili nimeirudisha. Pale chini ndipo penye ukweli peke yake: kilo mbili na robo, saa sita na dakika kumi. Nikichoma, hata hizo zinakwenda. Nikisema, mwanamke wangu atajua leo kwamba hakumuua mtoto wake, na atajua ni nani alimwacha aamini hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe. Kutukanwa siogopi tena. Naogopa asinitukane, aniangalie tu.

Leo ni Alhamisi. Nyinyi mlio wengi hapa, niambieni: namwanziaje?