Nyumba ya Mistari Kumi

Néhémie hajui kompyuta. Anajua kompyuta moja. Tofauti hiyo watu wa mji wetu wa Baraka hawaijui, na yeye mwenyewe hana haraka ya kuwaeleza.

Kompyuta yenyewe ilifika kabla ya vita ikiwa nyeupe, sasa ina rangi ya ugali wa muhogo uliolala. Haina picha wala kitu cha kubofya. Ukiiwasha unapata kioo cheusi na alama ndogo ya kijani inayowaka na kuzimika, ikikungoja useme unachotaka. Lugha yake inaitwa BASIC, na Néhémie alijifundisha kwa kitabu cha Kifaransa alichonunua sokoni Uvira, kilichopungua kurasa ishirini na nane. Kurasa hizo zilikuwa zimeshafungia mikate ya mafuta. Kuna watu waliokula elimu hiyo ikiwa moto na haikuwasaidia kitu.

Kwa lugha hiyo aliandika programu ya kuhesabu wakazi, kwa ajili ya ofisi moja ya mtaa ambayo sitaitaja kwa kuwa bado nahitaji mihuri yao. Mtu mwenye kitabu kizima angeyaweka majina mahali pake na programu mahali pake. Néhémie, ambaye sura hiyo ya kitabu chake ililiwa, aliwaandika watu ndani ya programu yenyewe. Kila mtu ni mstari, na kila mstari una namba. Nyumba moja ilipewa namba kumi: ya sifuri ni ya mkuu wa nyumba, ya moja ni ya mke wake, mbili mpaka tisa ni za watoto. Mimi ni 870. Mke wangu ni 871, na hajanisamehe.

Hesabu inakupa watoto wanane. Hapa kwetu, ambapo mwenye watoto wanane huambiwa na majirani asikate tamaa! Lakini Néhémie alikuwa na watoto watatu na mke mwenye msimamo, akadhani dunia nzima ina msimamo.

Ajabu ni kwamba watu waliipenda. Printa ya ofisi inapiga kelele hadi ng'ambo ya barabara, na inatoa karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Matundu hayo ndiyo serikali yetu. Barua nzuri iliyochapwa kwa mashine mpya, yenye nembo na rangi, hapa ni maoni ya mtu tu. Karatasi ya matundu ni ukweli. Watu walichora namba zao milangoni, na wavuvi wa kwenda Ubwari wakazipaka kwenye mitumbwi. Siku wageni wa shirika moja walipokuja na vidude vya kusoma alama za vidole, kama vile vilivyotumika kuwaandikisha wakimbizi kule Lusenda, Néhémie alisimama mbele ya mkutano akasema, "Kidole panga inaweza kukata. Musitari haukatike." Alipigiwa makofi, na wageni wakafunga mizigo.

Kijana mmoja mpita njia alimwambia kwamba ipo amri ya neno moja tu inayopanga upya namba zote na kuacha nafasi unazotaka. Bila shaka ilikuwa kwenye zile kurasa za mikate. Mkuu wa ofisi, chef Placide, ambaye ni mstari wa 10, alipandwa na hasira.

"Unataka nilale niko kumi, niamuke niko makumi tatu? Batu batasema nimeshushwa!"

Basi amri haikutolewa, na mtaa ukaendelea kuzaa.

Hapo ndipo ninapomleta Rosette, ambaye wote tunamwita mama Lionel kwa jina la mwanawe wa kwanza. Anauza mihogo na ndakala, dagaa wetu wa ziwani, na nyumba yake ni 2140. Alizaa watoto tisa. Wa tisa, Gentille, hakuwa na mstari. Mwaka mmoja mkuu wa shule alidai karatasi ya matundu inayoonyesha kila mtoto wa darasa la sita yuko nyumbani kwa nani. Gentille hakuwa nayo, akakosa mtihani wa kumaliza msingi, yeye aliyekuwa wa kwanza darasani. Alirudia mwaka mzima, akakaa wa kwanza tena. Sasa orodha ya mtihani ilikuwa inafungwa Ijumaa, na ilikuwa Jumatano. Mama Lionel alikuwa ameapa kwamba akikosa mara hii, mtoto hatarudi shule kuaibishwa mara ya tatu.

Nilikuwa ofisini siku hiyo nikingoja muhuri, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mama, namba zimejaa," alisema chef Placide. "Hakuna binti yako mukubwa anaweza olewa mbele ya Ijumaa? Akienda kwa bwana yake, anaacha nafasi."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Ofisi ya serikali ilikuwa inapendekeza harusi ili mtoto apate kufanya mtihani wa shule ya msingi.

"Mukubwa iko na miaka kumi na tano, chef."

"Aya. Na huyu wa 2144, Bertin? Naona hapa alikufa kwa surua. Néhémie anaandika uyu mudogo juu yake, kazi inaisha."

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwenye mashine ile, ukiandika mstari mpya kwenye namba ya mtu, yule wa zamani anafutika. Mashine haiulizi mara mbili. Néhémie aliondoa mikono yake kwenye vibonye akaiweka mapajani. Mama Lionel aliweka beseni lake chini.

"Bertin hapana," alisema. "Nilimubeba tumboni, nikamubeba mugongoni, nikamupeleka kaburini na mikono yangu. Mustari ule njo nafasi alibakia nayo hapa duniani. Usiuguse."

Hata chef Placide alitazama dirishani.

"Sasa tufanye namna gani, mama?"

"2140 njo nani?"

"Njo bwana yako. Norbert."

Norbert alikuwa ameondoka kwenda Kilembwe kufanya biashara ya miezi mitatu, mkewe akiwa na mimba ya Gentille. Ilikuwa imepita miaka kumi na tatu. Habari zake zilifika kwa watu wengine, kwamba ni mzima, ananawiri, na ana nyumba nyingine huko.

"Papa Néhémie," alisema mama Lionel, "Bertin alikufa, lakini iko. Norbert iko muzima, lakini haiko. Andika mutoto juu ya baba yake."

"Mama Lionel, ya sifuri njo mukubwa wa nyumba."

"Andika."

Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo. Néhémie alipiga moyo konde, akaandika namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, akabonyeza. Norbert alitoka duniani bila hata mlio. Printa ikaanza kelele zake, na juu kabisa ya karatasi ikaandika: MKUU WA NYUMBA: GENTILLE. Néhémie alitamani kuliondoa neno hilo, lakini aliliandika zamani mno, hakumbuki liko wapi ndani ya programu, na sehemu hizo za zamani hazigusi, mtaa mzima usije ukaanguka.

Mkuu wa shule alisoma karatasi, akahesabu matundu, akasema lazima itiwe sahihi na mkuu wa nyumba. Gentille akatia sahihi. Alifaulu kwa asilimia sabini na nane.

Mambo hayakuishia hapo, maana karatasi ya matundu ni ukweli. Mwito wa kusafisha mitaro Jumamosi ulikuja kwa jina la Gentille. Kaka yake Lionel alipotaka kuoa, ofisi ilidai ruhusa ya mkuu wa nyumba, na mkuu wa nyumba akaomba kumwona kwanza huyo msichana. Lionel, mwanamume wa ndevu, alimleta mchumba wake mbele ya mtoto wa miaka kumi na tatu aliyekuwa anapepeta mchele. Gentille alikubali. Alisema tu kwamba kaka aache kulala hadi saa nne.

Halafu Norbert akarudi. Hakurudi kwa mapenzi. Alitaka kuuza shamba la nyumba ile. Chef Placide alimweleza kwa upole kwamba shamba huuzwa na mkuu wa nyumba, na kwamba yeye, kwa mujibu wa mashine, hayupo. Alibisha, akapiga meza, akamwita Néhémie mchawi. Mwishowe alinishika mimi mkono nimsindikize, nikiwa jirani, nikaseme mbele ya huyo mtoto kwamba ninamfahamu.

Tulimkuta Gentille amekaa kwenye kigoda na daftari la sekondari. Mama yake alikuwa sokoni. Norbert alikohoa, akavua kofia.

"Mi njo baba yako," alisema.

Msichana alimtazama sana. Hakuwa amewahi kuiona sura hiyo. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi ya matundu, akaikunjua gotini. Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, polepole, jina kwa jina, akafika mwisho, akarudia tena kutoka juu, kwa adabu ya mtu anayetafuta kwa moyo wote.

"Papa," aliuliza, "namba yako ni ngapi?"

Norbert alinigeukia mimi. Nilimfahamu, ni kweli, tulicheza mpira pamoja utotoni. Nilitazama miguu yangu nikanyamaza.