Hewa ya Yurany

Kwenye mlima wetu hapa Medellín, nyumba haimaliziki. Ukimwaga zege la juu unaacha nondo zimechomoza, na hewa iliyobaki pale ni urithi wa mtoto. Don Ovidio, kabla hajafariki, aliacha nondo nne kwa ajili ya bintiye Yurany. Mjane wake, doña Nubia, alizifungia kamba akaanika nepi za mtoto, kisha sare za shule. Sasa Yurany anaolewa, na ghorofa ya tatu imefika zamu yake.

Jumapili tukaja mtaa mzima na ndoo zetu. Kazi hiyo hailipwi. Unakula sancocho ya doña Nubia, supu ya kuku, muhogo na ndizi, basi. Mama huyu ana mkono mzuri wa chumvi na mdomo wa pilipili, nami nampendea vyote viwili. Lakini siku hiyo jiko lilikuwa baridi.

"Mama, kuni vipi?" Yurany akauliza. "Watu wanataka kuchanganya zege!"

"Wasichanganye. Siwashi moto."

"Doña, uchoyo wa kuku umeanza lini?" jirani Eliécer akachokoza. "Au mkwe hujampenda?"

"Mkwe nampenda. Wewe ndiye unayenimalizia kuku."

Tukacheka, yeye hakucheka. Akaweka limau katikati ya sakafu, akaliachia. Likaenda polepole, kisha mbio, likatoka mlangoni na kushuka ngazi kuelekea korongoni.

"Mwaka jana lilikuwa linaishia kwenye mguu wa meza," akasema. "Nyumba inainama. Tukiibebesha ghorofa nyingine, sote tutalifuata limau."

"Hewa ile ni yangu! Baba aliniachia!" Yurany akalia.

"Ni yako, mwanangu. Chukua chumba changu. Hiyo saruji ishuke chini, tujenge ukuta wa kushikilia mlima."

Akapanda juu na msumeno, akaanza kukata nondo mwenyewe, asije akashawishika tena. Kwenye ya tatu machozi yakamtoka. "Nisamehe, Ovidio," akasema, bila kujali tunamsikia. Niliumia, maana mume hakumwachia binti yao kingine.

Yurany akapanda, akaishika nondo ya nne isitikisike.

"Kata, mama. Ila nepi utaanika wapi?"

"Nepi za nani?"

Binti akainamisha uso, mkono tumboni. Doña Nubia akaacha msumeno hapohapo, nondo ya nne ikibaki nzima kwa ajili ya kamba, akashuka kuwasha kuni za sancocho ya wajenga ukuta.