Mtu Pekee Aliyebaki Amesimama

Watu wa Chemchem, mtaa wetu hapa Tabora mjini, wakiisimulia habari hii huianzia kwenye stashahada yangu, basi na mimi nianzie hapohapo, ila niisimulie sawasawa. Ni stashahada ya usimamizi wa ulinzi. Niliipata Uarabuni, nikisoma jioni baada ya kusimama kutwa nzima mlangoni pa duka la dhahabu. Niliondoka Tabora na begi moja na viatu vya kuazima. Nimerudi na nyumba ya vyumba vitano, shamba la ekari arobaini mbele ya Igalula, na karatasi hiyo, ambayo nimeitia fremu na kuitundika sebuleni mkabala na mlango, mgeni asihangaike kuitafuta. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hayo nimeyafanya mwenyewe, na sioni kwa nini niyaseme kwa sauti ya chini.

Shamba langu linapakana na njia ya zamani ya misafara, na limepakana pia na la shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye ni Mnyamwezi wa hukohuko, mkulima wa tumbaku, na ndiye kamanda wa sungusungu wa kijiji. Asiyejua sungusungu, ni ulinzi wa wanakijiji wenyewe: kila mwanamume mzima ni askari, kwa upinde, kwa rungu, au kwa gobore la babu yake. Ukipigwa mwano, ule ukelele wa kuitana unaopokewa boma hadi boma, unaacha jembe palepale unakimbia na silaha yako. Usipokimbia utajieleza mbele ya wenzako, na wenzako hawana haraka.

Nilipopata leseni ya shotigani, shemeji alinialika kwenye mazoezi yao ya Jumamosi. Nikamuuliza wanafanya mazoezi ya nini. Akasema kukimbia, kuzunguka, na kuchuchumaa. Nikamwambia sikusoma ng'ambo miaka yote ile nije kufundishwa kuchuchumaa na watu wa mabani ya kukaushia tumbaku. Alicheka sana. Alisema watu wa mjini sisi tunajua kukaa barazani tu na kahawa, kuchuchumaa kunataka magoti. Tukaachana hapo, kwa utani wetu wa kila siku.

Siku yenyewe ilikuwa ya mnada wa ng'ombe. Nilikuwa shambani nikikagua mizinga yangu ya nyuki, saa nane mchana, jua kali, niliposikia mlio mmoja, kisha mwingine, kisha mwano. Mtu mmoja wa kijiji cha pili, aliyekuwa amegombana na kaka yake juu ya mpaka wa shamba, alikuja mnadani na shotigani ya marehemu baba yao akaanza kufyatua. Alimkosa kaka yake. Akampiga mchinjaji mmoja pajani, mtu ambaye hakuwa na shamba popote. Watu walipotawanyika akakimbilia ndani ya bani, chumba kile kirefu cha matofali cha kukaushia majani ya tumbaku, akajifungia.

Niliingia kwenye kibanda changu cha hapo shambani, nikavaa koti langu la kijani la kazi za ulinzi, nikachukua shotigani, nikakimbia. Naomba niseme kwamba nilikimbia vizuri. Nilipofika, sungusungu walikuwa wameshalizunguka bani, watu kama thelathini, pinde zimevutwa nusu, magobore mawili matatu. Shemeji alikuwa upande wa mlangoni na filimbi mdomoni. Mchinjaji alikuwa ameshafungwa kanga pajani na kupakiwa kwenye pikipiki.

Nilimweleza shemeji kwamba kuzunguka duara kamili ni kosa la kitaalamu, kwa sababu tukifyatua tutapigana wenyewe kwa wenyewe. Alinijibu kwa upole kwamba hakuna atakayefyatua. Kazi yao ni kumzuia asitoke mpaka polisi waje. Nikaona hajanielewa. Nikatafuta mahali pazuri pa kuonea mlango, juu ya kichuguu, nikasimama nimeweka kitako cha bunduki begani kama inavyofundishwa.

Hapo mwili wangu ulianza kufanya mambo ambayo hayamo kwenye vitabu nilivyosoma. Masikio yalijaa kama niliyetoka kuzamia. Mlango wa bani niliuona wazi, kila msumari, lakini pembeni yake sikuona kitu. Shemeji, watu, miti, vyote vilikuwa vimeondoka.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amewapigia polisi, na walipomuuliza huyo mfyatuaji anafananaje alisema alichokiona: mwanamume, ana shotigani, amevaa koti. Difenda, gari lao la doria, ikaja na askari wanne. Baadaye nilijaribu kujiweka mahali pao. Wameshuka kwenye vumbi, moyo unawadunda, wanaambiwa yupo mtu anapiga watu risasi, na mbele yao wapo wanaume thelathini wenye silaha. Yupi?

Shemeji alijua swali hilo kabla hawajaliuliza. Alipuliza filimbi moja ndefu. Wote thelathini, kwa pamoja, waliweka pinde na marungu na magobore ardhini, wakachuchumaa, mikono magotini. Ndiyo kazi ya yale mazoezi ya Jumamosi. Serikali ikifika, ione nani ni nani.

Filimbi sikuisikia. Nilibaki nimesimama peke yangu, juu ya kichuguu, mwanamume mwenye koti na shotigani.

Nilichosikia, kwa mbali, ni sauti inayosema, "Wewe mwenye koti! Silaha chini!" Nikafurahi kwamba polisi wamefika na wanamwamuru yule wa ndani. Nikataka kuwasaidia wenzangu wa taaluma. Nikageuka kuwaonyesha yuko wapi, na nilipogeuka, mtutu uligeuka pamoja nami, ukapita juu ya difenda yote, kutoka taa hadi bodi la nyuma.

Askari mmoja alikuwa amepiga goti kando ya gurudumu. Tundu la bunduki yake niliona linanitazama mimi. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikataka kuweka bunduki chini, na nawaambia kweli, vidole vilikataa. Nikafungua kinywa niseme jina langu, kikatoka kitu kingine.

"Msipige! Nina stashahada!"

Shemeji akainuka. Hakubeba kitu. Alikuja taratibu, mikono imefunguka pembeni, akasimama katikati yangu na yule askari, mgongo wake kwao, uso kwangu.

"Shemeji," akasema, "iweke chini. Na bunduki pia."

Nilisikia mtu aliyechuchumaa akikohoa kuzuia kicheko, na kikohozi hicho ndicho kilichonifungua masikio. Vidole vikaachia kimoja kimoja. Shemeji aliipokea shotigani, akailaza kwenye majani, akanishika kiwiko, tukachuchumaa wote wawili. Magoti yangu yalilia kama mlango wa banda. "Si nilikwambia yanataka mazoezi," akanong'ona. Lakini kiwiko changu hakukiachia.

Yule mwenye makosa alikuwa akichungulia kwenye tundu la moshi muda wote huo. Alitoka mwenyewe, mikono juu, akauliza mbona hakuna anayemwangalia. Risasi zilikuwa zimemwishia mnadani. Wakamfunga pingu bila kofi hata moja. Na mchinjaji, kwa taarifa yenu, alipona, na sasa anachechemea zaidi akiona watu wa kumhurumia.

Koplo wa polisi aliifungua shotigani yangu, akatazama ndani, akanitazama, akaifunga. Haikuwa na kitu. Risasi zangu zilikuwa kitandani shambani, ndani ya suruali niliyoivua ili nivae inayofanana na koti. Nilitarajia shemeji anicheke hapo. Aliuliza tu, akitazama pembeni, "Dada yangu ningekwenda kumwambia nini?"

Watu walipoanza kutawanyika, yule askari aliyekuwa ameniweka shabaha alikuja akaketi karibu nami kwenye kichuguu. Ana umri wa mwanangu wa kwanza. Alitaka kunywa maji, kizibo cha chupa kikamshinda. Nikamfungulia, na si kwamba mimi nilikuwa na mikono imara, ila nilitumia meno.

"Mzee," akasema, "kidole kilikuwa kimeshaanza kuvuta. Yule bwana asingepita mbele..."

Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa elimu niliyonayo, ningekuwa pale alipokuwa yeye ningeshafyatua. Nilisema kumpa moyo, na pia kwa sababu ni kweli. Akanywa mafunda mawili. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha njiani, akaweka chupa chini akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Nikaitikia marahaba, nikamwokotea chupa yake.